Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Ugunduzi na Uainishaji wa Krasteshia Waishio Ndani ya Matumbawe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wataalamu wa biolojia ya bahari wanavyowagundua na kuwaainisha krasteshia wadogo wanaoishi ndani ya matumbawe. Kundi linalopewa uzito ni lile la kopepodi wa jenasi ya Xarifia, ambao walichunguzwa kwa kina katika Bahari ya Hindi magharibi. Hoja kuu ni kwamba kumweka kiumbe katika kundi fulani ni kutoa dai kuhusu nasaba yake, na dai hilo halithibitiki kwa kutazama umbo la nje pekee. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, makala yanalinganisha uainishaji huo na ngeli za nomino, kisha yanaonyesha umuhimu wa suala hili kwa pwani ya Mombasa bara.

1.0 Utangulizi

Mtu anayevuka kwa feri kutoka kisiwani Mombasa hadi Likoni, au anayepita daraja la Nyali kuelekea Kisauni, hukanyaga matumbawe pasipo kutambua. Ukanda wa ardhi unaopakana na bahari katika sehemu hizo umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokua majini katika zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Kuta za Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni za mawe hayo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kilichimba mwamba huo huo, na mashimo yaliyoachwa ndiyo ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971.

Hata hivyo, tumbawe tulilolizoea ni tumbawe lililokufa. Lile lililo hai limo baharini, katika mwamba unaokabili ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, na ule unaokabili Likoni upande wa kusini. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wavuvi wa pweza hutembea kwa miguu juu ya mwamba huo. Wanawajua pweza, kaa, kamba na chaza kwa majina na kwa tabia. Lakini ndani ya tumbawe lenyewe, katika matumbo ya viumbe walioujenga mwamba, wamo wakazi wengine ambao jicho la mvuvi haliwezi kuwafikia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Makala haya yanawahusu wakazi hao, na maswali matatu yanaongoza mjadala: Wanapatikanaje? Wanawekwaje katika makundi? Wanapewaje majina?

2.0 Tumbawe ni kiumbe gani?

Ni muhali kuwaelewa wapangaji bila kuielewa nyumba. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba tumbawe ni mmea au jiwe. Katika miaka ya 1720, daktari Mfaransa Jean-André Peyssonnel alichunguza matumbawe katika Bahari ya Kati na kutoa hoja kwamba kile kilichodhaniwa kuwa maua kilikuwa wanyama. Hoja yake ilipuuzwa kwa miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa.

Mnyama huyo huitwa polipu. Mwili wake ni mfuko mdogo wenye mdomo mmoja uliozungukwa na mikono laini. Chakula huingia kwa mdomo huo, na uchafu hutokea hapo hapo. Chini yake polipu hujijengea kiti cha chokaa. Maelfu ya polipu huishi pamoja wakiwa wameungana miili, na viti vyao vikishikamana ndivyo vinavyofanya lile tunaloliita jiwe. Ndani ya nyama ya polipu huishi mwani wa chembe moja unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Rangi ya kahawia ya matumbawe mengi hutokana na mwani huo.

Basi tumbawe ni mji. Lina wajenzi ambao ni polipu, lina wakulima ambao ni mwani, na lina nyumba za mawe. Haishangazi kwamba mji kama huo umewavutia wapangaji.

3.0 Wapangaji wa aina tatu

Krasteshia ni jina la kundi kubwa la wanyama ambalo kwalo hutiwa kaa, kamba, kambakoche, uduvi na jamaa zao. Jina hilo limetoholewa kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya gamba gumu. Miongoni mwao, makundi matatu yametoa wakazi mashuhuri wa matumbawe.

Kundi la kwanza ni kaa wa familia ya Cryptochiridae. Anayejulikana zaidi ni Hapalocarcinus marsupialis, aliyeelezwa na Mmarekani William Stimpson mwaka 1859 kutokana na kielelezo cha visiwa vya Hawaii, na ambaye mtawanyiko wake unapita Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kaa jike mchanga, mdogo kuliko punje ya mchele, hutua kwenye ncha ya tawi la tumbawe. Tumbawe huendelea kukua likimzunguka, matawi yakapinda na kukutana juu yake mithili ya viganja viwili vinavyofumbwa. Hubaki matundu madogo tu ya kupitisha maji. Kaa huyo huishi humo hadi kufa. Dume ni mdogo zaidi na hakufungiwa. Jina la jenasi lina maana ya kaa laini katika Kigiriki, kwa kuwa mnyama aliyefungiwa kwa mawe hana haja ya gamba gumu. Jina la pili lina maana ya mwenye mfuko, kwa sababu ya fumbato kubwa ambamo jike huhifadhi mayai.

Kundi la pili ni banakeli, wale viumbe wenye magamba meupe wanaojibandika kwenye nguzo za gati na matumbo ya vyombo. Banakeli wa familia ya Pyrgomatidae wamejichagulia matumbawe badala ya mbao. Wengi wao huchuja chakula majini kwa miguu yenye nywele nywele, hivyo tumbawe huwapa makao tu. Lakini jenasi ya Hoekia, inayoishi katika matumbawe ya Hydnophora, imevuka mpaka. Miguu yake ya kuchujia imedhoofika, na mwaka 1969 watafiti Ross na Newman walionyesha kwamba mnyama huyo hula nyama ya tumbawe lenyewe.

Kundi la tatu, na lenye spishi nyingi zaidi, ni kopepodi. Jina hili linatokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kasia na mguu, kwani kopepodi wanaoishi huru majini huogelea kwa miguu bapa inayopiga maji kama makasia. Hao ni chakula cha samaki wengi wachanga. Wale wa matumbawe, hata hivyo, wameacha kuogelea. Orodha iliyochapishwa mwaka 2016 na Cheng na wenzake ilikusanya zaidi ya spishi 300 za kopepodi wanaohusiana na matumbawe magumu duniani. Familia ya Xarifiidae pekee ina zaidi ya spishi 80, nao huishi ndani ya tumbo la polipu.

4.0 Namna ya kumgundua asiyeonekana

Jina Xarifia linatokana na jina la merikebu. Katika miaka ya 1957 na 1958, mpigambizi wa Austria Hans Hass aliongoza safari ya utafiti kwa merikebu yake Xarifa hadi visiwa vya Maldivi. Mmoja wa wanasayansi waliokuwamo, Sebastian Gerlach kutoka Kiel, Ujerumani, alikusanya wanyama wadogo kutoka ndani ya matumbawe. Vielelezo hivyo vilifika kwa Arthur Humes (1916–1999), mwalimu wa Chuo Kikuu cha Boston, naye mwaka 1960 akatangaza jenasi mpya.

Humes hakuishia hapo. Alikwenda Nosy Bé, kisiwa kilicho kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na akarudi huko mara kadhaa katika miaka ya 1960, ikiwemo safari ya 1963–1964 iliyokuwa sehemu ya utafiti wa kimataifa wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1962 alichapisha maelezo ya spishi nane mpya za Xarifia kutoka Madagaska, na mwaka 1968, pamoja na Ju-Shey Ho, akachapisha kazi nyingine kubwa kuhusu jamii hiyo hiyo ya eneo hilo hilo. Jenasi za matumbawe kama Acropora na Pocillopora zinazopatikana Nosy Bé ndizo zinazopatikana pia katika mwamba wa Nyali na Bamburi. Kwa hiyo kazi ya Humes ndiyo mlango wa karibu zaidi ambao mtafiti wa pwani yetu angepitia.

Mbinu yake ilikuwa sahili. Kipande cha tumbawe hutiwa ndani ya chombo mara tu kinapotolewa majini, ili wakazi wake wasichanganyike na wa kipande kingine. Maji ya bahari huongezewa alkoholi kidogo, yapata sehemu 5 katika 100. Kiasi hicho huwalevya na kuwalegeza wanyama polepole pasipo kuwakausha. Baada ya saa kadhaa tumbawe hutikiswa na kuoshwa, na maji hayo humiminwa katika kichujio chenye matundu madogo mno. Mashapo yanayobaki hukaguliwa kwa hadubini. Kwa wale waliojikita ndani kabisa, tumbawe huvunjwavunjwa ili matumbo ya polipu yafunguke.

Kinachopatikana ni kiumbe kirefu kama uzi, chenye urefu wa milimita moja au chache tu. Ili aweze kutazamwa vizuri hutiwa katika asidi ya laktiki, ambayo humfanya awe angavu hadi viungo vya ndani vionekane. Mwaka 1964 Humes na Gooding walieleza kifaa walichokibuni kwa kazi hiyo: kibao chembamba cha mbao chenye tundu lililofunikwa kioo upande mmoja. Kopepodi huwekwa katika tone la asidi chini ya kioo hicho, na mtafiti anaweza kumgeuza upande wowote kwa sindano. Wataalamu wa kopepodi bado wanakitumia kibao hicho.

Nukta moja inafaa kusisitizwa. Kumwona mnyama si kumgundua. Kisayansi, ugunduzi hukamilika pale ambapo mnyama amelinganishwa na jamaa zake wote waliokwisha kuelezwa, tofauti zake zimethibitishwa, na maelezo yake yamechapishwa. Kati ya kichujio na chapisho miaka mingi huweza kupita.

5.0 Uainishaji: umbo linapodanganya

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Mwanafunzi akionyeshwa Xarifia kwa mara ya kwanza, yamkini atasema ni mnyoo. Mwili ni laini na mrefu, mipaka ya pingili imefifia, na miguu imekuwa vijitawi vidogo visivyofaa kuogelea. Kwa nini basi awekwe pamoja na kaa na kamba?

Historia inaonyesha kwamba kosa hilo limewahi kufanywa na wakubwa. Katika toleo la 1758 la kitabu chake cha uainishaji, Linnaeus aliiweka jenasi ya Lernaea, ambayo ni ya kopepodi wanaowashambulia samaki, katika kundi la minyoo. Banakeli nao walihesabiwa kuwa jamaa wa konokono na chaza kwa sababu ya magamba yao. Aliyeondoa kosa hilo la pili ni John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akiishi Cork, Ireland. Alikusanya viluwiluwi waliokuwa wakielea baharini, akawafuga, akaona wakijibandika na kugeuka banakeli. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1830. Mnyama aliyefanana na chaza ukubwani alikuwa na utoto wa krasteshia.

Kanuni inayotokana na mifano hiyo ni kwamba maisha ya kimelea hufuta alama za nje. Kiumbe kisichosafiri hupoteza miguu, na kisichotafuta mwanga hupoteza macho. Viumbe viwili visivyo na undugu vikikaa katika mazingira ya aina moja huweza kufanana, na ndugu wawili wakikaa katika mazingira tofauti huweza kutofautiana kupita kiasi. Mtaalamu wa uainishaji hulazimika kutafuta alama ambazo mazingira hayajazifuta.

Kwa Xarifia alama hizo zipo. Anapoanguliwa, ana umbo la naupliasi, yaani kiluwiluwi chenye jozi tatu za viungo ambacho hupatikana kwa krasteshia wengi. Katika mtu mzima, sehemu za kinywa zina mpangilio wa kopepodi. Miguu ya kuogelea ingawa imenywea bado ipo mahali pake, na idadi ya pingili na miiba katika kila mguu huweza kuhesabiwa. Jike hubeba mayai katika vifuko viwili. Nyuma ya mgongo, karibu na jozi ya tano ya miguu, hutokeza vijipembe ambavyo ni utambulisho wa jenasi hii. Ili kutofautisha spishi moja na nyingine, mtafiti huhesabu vinyweleo na kupima vijipembe hivyo, kisha huchora kila kiungo peke yake. Michoro hiyo ndiyo ushahidi wake mbele ya wataalamu wenzake.

Kwa upande mwingine wa dunia, Jan Stock wa Amsterdam alieleza mwaka 1975 familia ya Corallovexiidae kutoka matumbawe ya Karibi. Hao nao wanafanana na minyoo na wanaishi ndani ya polipu, lakini uchunguzi wa viungo vyao ulimfanya awaweke katika familia ya peke yao. Wangeainishwa kwa makao na umbo la jumla, wangetupwa pamoja na Xarifia.

Katika miongo ya karibuni, vinasaba vimeongezwa kwenye zana za kazi hii. Mwaka 2014 van der Meij na Schubart walitumia vinasaba kuthibitisha kwamba Cryptochiridae wote wanatokana na asili moja. Tafiti za namna hiyo zimedokeza pia kwamba jina Hapalocarcinus marsupialis huenda linafunika spishi zaidi ya moja zinazofanana machoni. Vinasaba havikufuta kazi ya michoro. Vimeonyesha tu mahali ambapo michoro inahitaji kurudiwa.

6.0 Je, ni vimelea kweli?

Neno kimelea linatokana na kitenzi mea katika kauli ya kutendea: ni kile kinachomelea juu ya kingine. Katika biolojia istilahi hii ina sharti la ziada, kwamba mwenyeji apate hasara. Sharti hilo ni gumu kuthibitisha kwa mnyama wa milimita moja aliye ndani ya tumbo la mnyama mwingine. Kichwa cha makala ya Humes ya 1962 kiliwaita Xarifia vimelea vya matumbawe, na wengi wamefuata.

Mwaka 2010, Cheng na Dai, waliofanya kazi Taiwan, walichunguza Xarifia fissilis kutoka tumbawe la Pocillopora damicornis na wakakuta mwani wa tumbawe ndani ya utumbo wa kopepodi hao. Matokeo hayo yanaashiria kwamba mnyama huyo anaweza kula mwani wa mwenyeji wake. Ikiwa anakula mwani tu na kuiacha nyama ya polipu, je, ni kimelea au ni mdokozi? Na akila mwani uliozidi, je, hasara iko wapi? Watafiti waangalifu hutumia istilahi pana zaidi, kama vile mshirika au mkazi wa ndani, hadi ushahidi utakapotosha. Mwanaistilahi wa Kiswahili ana funzo hapa: neno kimelea likitumiwa kwa kila kiumbe kinachoishi ndani ya kingine, litakuwa limetoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

7.0 Utoaji wa majina na nafasi ya Kiswahili

Jina la kisayansi la mnyama hutawaliwa na kanuni za kimataifa. Liwe na sehemu mbili, jenasi na spishi. Liandikwe kwa herufi za Kilatini. Liambatane na maelezo yaliyochapishwa, na kielelezo maalumu kihifadhiwe mahali ambapo wengine wanaweza kukikagua. Vielelezo vingi vya Humes vimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Kanuni mbili kati ya hizo zinamhusu mwanafunzi wa lugha moja kwa moja. Ya kwanza ni upatanisho. Jina la jenasi huwa na jinsia ya kisarufi, na jina la spishi likiwa ni kivumishi cha Kilatini sharti lipatane nalo. Ndiyo maana husemwa Xarifia fimbriata, kwa kuwa Xarifia huchukuliwa kuwa ya kike. Spishi ikihamishiwa jenasi yenye jinsia nyingine, kiambishi tamati hubadilika. Anayefahamu kwamba kitu kizuri huwa mtu mzuri pale nomino inapobadilika hatapata shida kuielewa kanuni hiyo.

Ya pili ni kwamba jina linaweza kutoka lugha yoyote, na neno lisilo la Kilatini wala la Kigiriki halilazimiki kubadilika. Kiswahili kimekwisha kuitumia nafasi hiyo. Jenasi ya samaki wa Ziwa Viktoria iliyotangazwa mwaka 1998 inaitwa Pundamilia. Mtambaazi wa kale wa kusini mwa Tanzania aliyeelezwa mwaka 2010 anaitwa Asilisaurus kongwe. Mwaka 2019 peke yake ulileta majina mawili: Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosau wa Tanzania ambaye mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo, na Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa aliyeishi magharibi mwa Kenya takriban miaka milioni 22 iliyopita. Mifupa ya huyu wa mwisho ilikaa kwa miongo kadhaa katika makumbusho ya Nairobi kabla ya kutambuliwa ni ya nani, jambo linalothibitisha tena kwamba kukiona kitu si kukigundua.

8.0 Ngeli za wanyama na ngeli za nomino

Maandishi ya biolojia kwa Kiswahili hutumia neno ngeli kwa daraja mojawapo la uainishaji wa viumbe, lililo chini ya faila na juu ya oda. Neno hilo hilo, ambalo hufundishwa kuwa asili yake ni Kihaya na maana yake ni aina, ndilo letu la makundi ya nomino. Je, kazi hizi mbili zinafanana?

Zinafanana katika jambo moja: zote hukataa kudanganywa na umbo la nje. Neno kifaru lina kiambishi ki-, lakini husemwa kifaru amelala. Kipepeo anaruka, na kiboko anaogelea. Mwanasarufi anayeainisha kwa kiambishi cha nomino peke yake atawaweka wanyama hawa pamoja na kiti na kikombe, kama vile anayeainisha kwa umbo la mwili atakavyomweka Xarifia pamoja na minyoo. Ushahidi wa kuaminika umo katika upatanisho wa sentensi nzima, sawa na ushahidi wa mnyama ulivyo katika viungo vyake na utoto wake.

Zinatofautiana katika jambo kubwa zaidi. Ngeli ya mnyama ni dai kuhusu nasaba, na dai hilo hubadilishwa ushahidi mpya ukija. Ngeli ya nomino ni mapokeo ya wasemaji, na haibadiliki kwa amri ya maabara. Tumbawe ni mfano bora. Kizuolojia ni mnyama, lakini kisarufi ni li-/ya-, pamoja na jiwe na jabali. Wasemaji waliliainisha kama walivyolitumia: walilikata, walichonga mihirabu na kujenga nyumba. Je, tuseme sasa matumbawe wanakufa? La hasha. Matumbawe yanakufa ni Kiswahili sahihi. Kinachotakiwa ni mwandishi kujua kwamba upatanisho huo hauthibitishi kuwa tumbawe ni jiwe, na pale anapomtaja mnyama mwenyewe atumie neno polipu: polipu hawa wanakufa. Lugha ina nafasi ya kutosha kwa kauli zote mbili.

9.0 Hali ilivyo Mombasa bara

Si kila sehemu ya Mombasa bara ina makao ya wanyama hawa. Changamwe inapakana na hori za Kilindini na Port Reitz, ambako maji ya tope na mikoko hayaruhusu mwamba wa matumbawe kustawi, kwani mwani wa polipu unahitaji mwanga. Mwamba uko upande wa bahari kuu. Mwaka 1986 serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Mombasa mbele ya ufuo wa Kisauni: kilomita za mraba 10 zisizoruhusiwa uvuvi, zikizungukwa na eneo la akiba la kilomita za mraba 200 ambamo uvuvi wa asili unaruhusiwa. Taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake Mkomani, umbali mfupi kutoka mwamba huo. Hata hivyo mtu hawezi kwenda tu na nyundo. Matumbawe magumu yanalindwa na sheria za nchi na mkataba wa kimataifa wa CITES, na mtafiti huhitaji kibali.

Katika mwaka 1998 joto la maji lilipanda kupita kawaida kutokana na El Niño, na matumbawe ya pwani ya Kenya yakapauka. Kupauka hutokea pale polipu wanapoupoteza mwani wao, na joto likidumu hufa kwa njaa. Matumbawe yenye matawi, kama Acropora na Pocillopora, ndiyo yaliyoumia zaidi. Upaukaji mwingine umeikumba Bahari ya Hindi magharibi mwaka 2016 na tena 2024. Tumbawe linapokufa, mwamba hubaki umesimama na samaki baadhi huhamia kwingine. Lakini kopepodi anayeishi ndani ya tumbo la polipu hana pa kuhamia. Spishi nyingi za Xarifia hukaa katika jenasi moja au chache tu za matumbawe. Zikitoweka, zitatoweka kimya.

Ukubwa wa hasara hiyo unaweza kukadiriwa. Mwaka 1994 Humes alikisia kwamba spishi za kopepodi zilizokuwa zimeelezwa zilikuwa takriban 11,500, na kwamba idadi kamili ingeweza kufikia takriban 75,000. Kwa hesabu hiyo, kwa kila mmoja mwenye jina, zaidi ya watano hawakuwa nalo.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba krasteshia wa ndani ya matumbawe hugunduliwa kwa subira ya kuosha, kuchuja na kuchora, na kwamba uainishaji wao husimama juu ya alama ambazo maisha ya ndani hayajazifuta. Yameonyesha pia kwamba neno kimelea lina masharti, na kwamba ngeli ya nomino na ngeli ya mnyama hufanya kazi tofauti ambazo hazipaswi kuchanganywa.

Wanafunzi wa Kiswahili hawatarajiwi kushika hadubini. Jukumu lao ni la istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi, na msingi huo unangoja kuendelezwa katika matawi mahususi kama hili. Kazi hiyo inafaa ianzie ufuoni, kwa wavuvi wa Likoni na Shanzu, kwa kukusanya majina wanayoyatumia kwa matumbawe, kaa na uduvi wa aina mbalimbali kabla ya kutohoa kutoka lugha za mbali. Majina hayo yakikusanywa pamoja na maelezo ya wanyama wenyewe, mtafiti wa kesho atakayemkuta kopepodi mpya katika mwamba wa Bamburi atakuwa na lugha ya kumwelezea na neno la kumpa.